Kofia za Sadaka Zilipopelekwa Maabara

Siku ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi wangu maabara, vichwa vyao vilimeta kama mayai ya kuchemsha. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa nimewaagiza wazazi wawanyoe kwa wembe, wawaoshe kwa sabuni ya dawa, kisha wawapake mafuta ya habasoda. Watoto wanane, wote wavulana, walikaa kwenye benchi la hospitali wakinukia hata mlinzi akageuka. Mimi nilisimama mbele yao na bakora yangu, nimeridhika.

Mtaalamu wa maabara alitoka na vifaa vyake. Ni mwanamke wa makamo, na zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Herufi zake za kwanza amezisoma kwenye mkeka wangu. Aliponiona alitabasamu, kisha akaangalia benchi, tabasamu likaondoka.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Hawa wanakwenda kwenye Maulidi?"

"Nimekuletea uwapime mapunye."

Akamshika mmoja kichwa, akakipeleka kwenye mwanga, akakinusa. "Maalim wangu, nitapima nini? Kuvu yenyewe nilikuwa niikute kwenye ngozi na kwenye vishina vya nywele. Umeziosha, umezinyoa, na iliyobaki umeimaliza kwa habasoda."

"Basi wamepona?"

"Hawajapona. Imejificha tu."

Hata hivyo alichukua alichoweza, kwa sababu hakutaka kunirudisha mikono mitupu mbele ya watoto. Kama alivyosema, hakikuota kitu. Lakini nani katika sisi angempeleka mtoto hospitali na kichwa kichafu? Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hata ukiwa na homa ya kukutetemesha alikuogesha kwanza, akakuvalisha nguo ya Idi, ndipo akakupeleka kwa daktari. Daktari aone ugonjwa, asione uchafu. Mimi nilifuata mafundisho hayo nikiwa na miaka sabini na kitu, na nikapoteza wiki tatu.

Na wiki zenyewe zilikuwa zinahesabika. Nimesomesha Kurani kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Tanga kwa zaidi ya miaka arobaini, kila siku baada ya alasiri. Wapo niliowasomesha ambao leo wajukuu zao nawasomesha. Mwaka huo mapunye yakaingia. Alianza mmoja, alama ya duara juu ya sikio, nywele zimekatika kama nyasi iliyoliwa na mbuzi. Baada ya mwezi walikuwa wanne, kisha wanane. Wazazi walinunua dawa za kupaka, hazikusaidia. Daktari wa ngozi akaeleza kwamba mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, yanataka vidonge, na akawapa vile vinavyotumika siku zote, griseofulvini. Wakameza, wakamaliza, duara zikabaki pale pale.

Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto. Sikuwalaumu. Jirani yangu, mama muuza vitumbua, mwanawe alikuwa mmoja wa wale wanane, na yeye hana tabia ya kuficha neno.

"Maalim," aliniambia mbele ya wateja wake, "watoto wanakuja kwako na nywele, wanarudi na viwanja vya ndege."

"Subira, mama. Dawa itapatikana."

"Subira ninayo. Nywele ndizo hazina."

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka, maana lilikuwa neno zuri. Lakini kutoka watoto arobaini nilibaki na kumi na mmoja. Kisha kamati ya msikiti ikaja kuniona, watu wa heshima, wakanywa kahawa, wakazunguka sana kabla ya kufika walikokusudia. Wakasema ikiwa Ramadhani itaandama na dawa haijapatikana, itakuwa vyema watoto wote wahamishiwe chuo kingine cha Kurani, na mimi nipumzike. Nipumzike! Tulikuwa katika mfungo tisa. Nilibakiwa na Rajabu na Shaabani.

Vidonge kushindwa ndiyo sababu daktari alitutuma maabara. Alinieleza kwamba huenda kuvu yetu ni ya aina isiyoisikia dawa ile, na badala ya kuendelea kubahatisha ndani ya mwili wa mtoto, ni bora kuvu ioteshwe nje, dawa zijaribiwe juu yake huko huko. Baada ya jaribio lile la kwanza kutoka patupu, yule mwanafunzi wangu akanipa masharti: wiki tatu bila wembe, bila mafuta, bila sabuni ya dawa.

"Na wewe maalim," akaniambia, "ukiona kichwa kinachafuka, umwachie Mungu."

Tukarudi katikati ya Rajabu. Safari hii watoto walikuwa wachafu kwa amri yangu, jambo ambalo walilifurahia kupita kiasi. Mtaalamu alitoa miswaki mipya ya dukani, kila mtoto na wake, akawa anawasugua vichwani pale penye duara. Watoto wakacheka hadi wakaanguka kwenye benchi. Mmoja akauliza kama na yeye apewe mswaki akamsugue mwalimu. Nikadhani mtaalamu atamkemea. Kumbe aliliona ni wazo zuri.

"Vua kofia, maalim."

"Mimi sina unywele hata mmoja. Kuvu itakula nini?"

"Mtu mzima anaweza kuibeba isimdhuru, akawapa wengine. Vua."

Nikavua. Niliposuguliwa upara mbele ya wanafunzi wangu, nilihisi wamelipwa bakora zote za mwaka.

Kila mswaki aliugusisha kwenye kisahani chenye kitu kama jeli, rangi ya majani ya chai yaliyokolea kidogo. Nikauliza ni nini. Akasema ni chakula cha kuvu, kina sukari, na kinachokigandisha kinatokana na mwani. Nikafurahi, maana pwani yetu hii akina mama wanalima mwani. Akasema mwani wa jeli ile ni jamii nyingine, si huu wetu. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwaambia watu kwamba kuvu inalishwa vitu vya baharini kama sisi.

Alipokuwa anaandika majina kwenye visahani, akainua kichwa.

"Maalim, mbona hukuniletea msichana hata mmoja?"

"Wasichana hawana mapunye."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na wanakaa mkeka mmoja na hawa."

Akaweka kalamu chini. "Wasichana wanavaa nini kichwani?"

"Mitandio. Kila mmoja anakuja na wake kutoka kwao."

"Na wavulana?"

Nikamjibu bila kufikiri, kama mtu anayejibu salamu, kwamba mvulana aliyekuja kichwa wazi anachukua kofia kwenye kikapu. Nilipomaliza kusema nikalisikia nililolisema.

Inanipasa nieleze kikapu hicho. Marehemu mke wangu alikuwa mshonaji wa kofia za mkono. Kwa miaka yote ya ndoa yetu alikaa kwenye baraza na sindano yake, tundu kwa tundu, ua kwa ua, na kofia moja ilimchukua wiki nyingi. Wateja wake wengine walivuka mpaka wa Kenya pale Horohoro kuja kuzifuata. Alipofariki, nilifungua kasha lake nikakuta kofia kumi na tisa zilizokamilika, hazijapata mwenyewe. Sikutaka kuziuza. Nikaziweka kwenye kikapu cha ukindu mlangoni pa chuo, ziwe sadaka yake inayoendelea. Nilijiambia kila herufi ya Kurani itakayosomwa chini ya kofia ile, thawabu zake zitamfikia. Watoto walizigombania. Leo anavaa huyu, kesho yule, na zile zenye maua mazuri zilipita vichwa vitano kwa juma moja. Kufuliwa zilifuliwa, lakini nilizifua mimi mwenyewe kwa maji baridi na ncha za vidole, nikichelea kuharibu mshono.

"Zilete," alisema. Akaona uso wangu. "Maalim, bado hatujui. Zilete tuone."

Siku ya pili nilimpelekea kofia zote kumi na tisa, nimezifunga kwenye kanga ya marehemu. Akazisugua kwa miswaki mipya upande wa ndani, moja baada ya moja, taratibu sana, na sikumwomba afanye taratibu.

Kisha ikaja kazi ya kungoja. Kuvu ya kichwa haina haraka. Niliruhusiwa kwenda kuchungulia kila Jumatano baada ya adhuhuri, na nadhani waliniruhusu kwa sababu ya adabu zaidi kuliko kanuni. Visahani vinakaa kwenye kabati lenye vuguvugu. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Wiki ya pili vikatokea vidoa vidogo, vimekunjamana, vinang'aa kama nta. Nilikuwa nazoea kwenda na kutazama kama mtu anayetazama mche wake. Wiki ya tatu vidoa vikageuka rangi, vikawa zambarau ya kuiva hasa. Sitasema uongo, vilikuwa vizuri. Nikasema Subhanallah palepale. Kila kiumbe amekipa sura yake, hata kile kinachowanyonyoa watoto.

"Hii haikai kwa ng'ombe wala paka," mtaalamu alinieleza. "Inatoka kwa mtu inakwenda kwa mtu."

"Kwa kupeana mikono?"

"Kwa kuchangia vitana, mito, wembe." Akalifungua tena kabati. "Na kofia."

Akanitolea visahani vya kofia. Kumi na kimoja kati ya kumi na tisa vilikuwa na zambarau ile ile. Kisahani changu cha upara kilikuwa kitupu. Marehemu angesema hata kuvu imenikataa.

Nilikaa kwenye kiti. Yeye akaniletea maji, akaendelea na kazi zake karibu yangu. Miaka mitano nilikuwa namtumia mke wangu zawadi, na ndani ya zawadi nilifunga ugonjwa wa watoto wa watu. Baadaye akasema, akiwa amenipa mgongo, "Wewe uliyetufundisha kwamba amali ni kwa nia, au mwingine?"

"Ni mimi."

"Basi jifundishe na mwenyewe."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Ramadhani iandame. Chanzo tulikwisha kukijua, lakini dawa bado, na kamati ilikuwa imeniuliza dawa. Ndipo akaanza kipimo chenyewe. Alichukua kuvu ya zambarau, akaichanganya na maji, akaipanda kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, safu nane, kila safu vishimo kumi na viwili. Alinikalisha aniulize hesabu, kama mimi nilivyokuwa nikimkalisha.

"Safu hii ni dawa moja. Kishimo cha kwanza nimetia dawa kamili. Cha pili nimetia nusu yake. Cha tatu?"

"Robo."

"Cha nne?"

"Thumni." Nikashtuka. "Mwanangu, hii ni mirathi!"

"Ulidhani hesabu hizi nilijifunzia wapi? Wenzangu chuo kikuu walikuwa wanatafuta kikokotoo. Mimi nakumbuka mjane na thumni yake, na bakora mbili nilizopata nilipomsahau mama wa marehemu."

"Zilikusaidia."

"Zilinisaidia kukaa upande."

Akaendelea kunieleza. Dawa inagawanywa nusu kwa nusu hadi kishimo cha kumi, ambapo imebaki chembe isiyo na maana. Kuvu inawekwa ile ile katika vyote. Baada ya siku kadhaa unatazama kuvu imeshindwa kuota kuanzia kishimo gani. Dawa kali kwa kuvu huizuia hata ikiwa kidogo sana. Dawa dhaifu inazidiwa hata ikiwa kamili. Halafu kuna vishimo viwili vya mwisho. Kimoja kina kuvu na chakula bila dawa, lazima iote. Kingine kina chakula peke yake, lazima kibaki kitupu.

"Kama cha kwanza hakikuota, au cha pili kimeota, natupa sahani nzima hata iwe imesema ninachokitaka."

"Mashahidi wawili waadilifu," nikasema.

"Hasa. Bila wao sitoi hukumu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimeingia jengo lile nikidhani ni la watu wengine na elimu nyingine, na nikakuta ndani yake mizani, mashahidi na subira. Usiku ule niliomba dua ndefu kwa ajili ya sahani ya plastiki, jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya.

Siku ya kusoma sahani nilifika kabla ya mlango kufunguliwa. Alianza na mashahidi. Wa kwanza ameota, wa pili mtupu. Alhamdulillahi. Kisha akaweka kidole kwenye safu ya griseofulvini, ile dawa ambayo watoto walikuwa wamemeza. Utando ulikuwa umeanza kishimo cha kumi, cha tisa, cha nane, ukaja mpaka cha pili. Ni kile cha kwanza tu kilichobaki safi.

"Huyu amerithi peke yake," nikasema. "Hakumwachia hata mjane."

Akacheka mpaka akaondoa mkono kwenye sahani. Safu ya pili, dawa nyingine, nusu ilikuwa safi, nusu imeota. Ya tatu ikawa kama hiyo. Safu ya nne, iitwayo terbinafini, ilikuwa safi. Kishimo cha kwanza safi, cha nne safi, cha saba safi. Utando ulionekana kwenye cha tisa na cha kumi tu, na mwembamba.

Nilivihesabu tena mwenyewe kwa kidole, kama ninavyomhesabia mtoto aya.

"Usinifurahie mapema," alinionya, ingawa na yeye macho yalikuwa yanacheka. "Kinachoshinda kwenye kishimo si lazima kishinde kichwani. Daktari ndiye atakayeamua kiasi, na watoto wapimwe uzito. Lakini sasa hatapiga ramli."

Daktari aliona majibu, akawapima watoto, akawaandikia. Walianza kumeza zikiwa zimebaki siku nne kabla ya mwezi kuandama. Nilikwenda kwenye kamati na karatasi ya majibu. Mwenyekiti akaisoma, akaigeuza, akaniuliza maana yake. Nikawaeleza kwa njia ya mirathi, na wote wakaelewa. Wakaniachia chuo changu, kwa sharti moja tu: zile kofia nizichome moto.

Nikawajibu nitaziondoa. Kuchoma sikuahidi. Nilirudi maabara na kanga yangu, nikamuuliza kama hakuna njia nyingine.

"Ipo ya kuchemsha. Lakini sitakwambia inatosha mpaka nijaribu. Katika zile kumi na moja, nichagulie moja usiyoihurumia."

Hakuna niliyokuwa siihurumii. Mwishowe nikachagua moja ambayo ua lake moja lina majani matano na mengine sita. Siku aliyoishona, marehemu alikuwa amenikasirikia, akakosea kuhesabu, akakataa kuifumua. Mtaalamu akaitia kwenye sufuria ya kawaida, kwa sababu alitaka kujaribu kile nitakachoweza kukifanya nyumbani, ikachemka, ikakauka juani, ikapigwa pasi ya moto. Akaisugua mswaki, akapanda kisahani, tukangoja. Nilifunga mwezi mtukufu nikingojea mambo mawili, Laylatul-Qadri na kisahani kile. Mwishoni mwa Ramadhani akanipigia simu baada ya tarawehe.

"Maalim, kitupu."

"Na shahidi?"

"Shahidi wa kofia isiyochemshwa ameota zambarau tele."

Nilichemsha zilizobaki uani kwangu, kwenye sufuria ya pilau, mama muuza vitumbua akichochea moto na kuniambia supu hiyo nisimkaribishe. Rangi za nyuzi zilififia kidogo, mshono haukufumuka hata mmoja. Zilirudi ndani kidogo, lakini vichwa vya watoto ni vidogo. Siku ya Idi niliwapa, kila mtoto yake moja, ya kwenda nayo kwao, mama yake aiandike jina kwa uzi upande wa ndani. Wale wanane walipewa kwanza. Juu ya sikio la mtoto wa jirani yangu palikuwa pameota nywele laini kama za kifaranga, na mama yake alizishika kila baada ya dakika mbili kuhakikisha hazijaondoka. Chuo kilirudi kujaa mwezi ule ule, na sasa kinanizidi nguvu, nashukuru.

Ile ya majani matano niliivaa mimi. Inanibana.

Machungwa ya Muheza yalipoingia mjini kwa wingi, nilijaza kile kikapu cha ukindu nikampelekea mwanafunzi wangu maabara. Alikipokea kwa mikono miwili, akaniamkia, akashukuru. Kisha akakiinua, akakitazama chini, akakinusa.

"Maalim, hiki ndicho kile?"

"Ndicho."

"Umekichemsha?"

"Mara mbili," nikamwambia. "Na machungwa nimeyaosha."

"Kwa habasoda?"

Wenzake wote wakageuka kuona mzee amefanya nini hata anachekwa namna ile.